Mnashirikiana dada mmoja, mwenzio anajitoa: mshahara unakuwaje?

Kwenye nyumba za kupanga za Kiseke, Nyasaka au Buhongwa, hapa Mwanza, si ajabu kukuta akina mama wawili wanaoshirikiana dada mmoja wa kulea watoto. Wiki hii watoto wanashinda kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na mwisho wa mwezi kila nyumba inatoa fungu lake. Dada anapata kuliko ambavyo angepata kwa nyumba moja, na kila mzazi anatoa pungufu ya ambacho angetoa peke yake.

Shida inaanza pale mmoja anapopata uhamisho, au mtoto wake anapoanza awali. Anayebaki humwambia dada, huku akikoroga uji: "Basi dada, kwa kuwa watoto wamepungua, nitakuwa nakupa ile ile niliyokuwa natoa mimi." Dada anabaki na saa zilezile, nauli ileile, na nusu ya mshahara.

Mwongozo huu unashikilia jambo moja: mshahara wa dada unafuata saa zake, haufuati idadi ya watoto. Mtoto mmoja hamfungi dada nusu siku. Anamfunga siku nzima, kama wangekuwa watatu.

Hatua ya kwanza: fungueni mshahara mwone kilichomo

Mshahara wa dada wa kushirikiana una mafungu matatu, hata kama hamkuwahi kuyaandika. La kwanza ni msingi, yaani malipo ya siku yake ya kazi. La pili ni saa za ziada. La tatu ni nyongeza ya kushirikiana: kile anacholipwa kwa kuwa anahudumia nyumba mbili, zenye taratibu mbili za kulisha na mabosi wawili wanaopiga simu saa nne kuuliza mtoto amekula nini. Familia moja ikiondoka, fungu la tatu ndilo lenye sababu ya kuondoka nayo. Mengine mawili hayana.

Tuchukue mfano. Dada Leticia katoka Nansio, Ukerewe, na sasa amepanga chumba Nyasaka na binamu yake. Analea pacha wa Mama Kulwa, ambaye ni muuguzi, na mtoto mmoja wa Mama Grace, ambaye ni mwalimu. Anaingia saa 1 asubuhi na kuondoka saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa mwezi anapokea Sh260,000. Mama Kulwa anatoa Sh150,000 na Mama Grace Sh110,000.

Saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni ni saa 10. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki. Hapo wengi huleta hoja ya kupunguza saa moja: "Si anapumzika watoto wakilala?" Ni kweli sheria inampa mfanyakazi mapumziko ya dakika 60 akifanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Lakini inaongeza kwamba akitakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi katika muda huo, analipwa. Dada aliyekaa sebuleni na sikio lake liko chumbani walikolala pacha yuko kazini. Kwa hiyo saa ya kumi ni ya ziada, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu.

Malipo ya saa yanapatikana hivi: gawanya msingi wa mwezi kwa 4.333, upate wa wiki, kisha gawanya kwa saa za wiki. Msingi wa Leticia ni Sh180,000. Ukigawanya kwa 4.333, kisha kwa 45, unapata kama Sh923 kwa saa. Mara moja na nusu ni Sh1,385. Saa tano za ziada kila wiki, kwa mwezi zinafika Sh30,000. Kama hupendi kikokotoo, kuna njia fupi: kwa dada wa saa 45 kwa wiki, kila saa moja ya ziada kwa siku tano ni sawasawa na sehemu moja ya sita ya msingi.

Kwa hiyo zile Sh260,000 zilikuwa hivi: msingi Sh180,000, saa za ziada Sh30,000, nyongeza ya kushirikiana Sh50,000. Msingi waligawana nusu kwa nusu, Sh90,000 kila mmoja. Saa ya ziada anaibeba Mama Kulwa, maana ndiye anayechelewa kutoka wodini. Mama Grace saa 10 huwa ameshafika. Nyongeza waligawana kwa kupatana, mwenye pacha akibeba zaidi: Mama Kulwa Sh30,000 na mwenzake Sh20,000. Wako wanaogawa mshahara wote kwa idadi ya watoto. Mimi siuungi mkono mtindo huo kwenye msingi, kwa sababu mwenye mtoto mmoja naye alikuwa akinunua siku nzima ya dada.

Sasa Mama Grace kahamishiwa Dodoma. Nyongeza ya Sh50,000 inaondoka. Leticia anapaswa kupata Sh210,000, na zote zinatoka kwa Mama Kulwa, aliyekuwa akitoa Sh150,000. Inauma, lakini ndiyo bei ya kuwa na dada peke yako. Ile Sh150,000 ilikuwa bei yenye punguzo alilopewa na Mama Grace, na Leticia hakuwa na mkono ndani yake. Angebaki kulipwa Sh150,000, angepoteza Sh110,000 kwa saa zilezile, na pacha ndio waliobaki.

Hatua ya pili: angalieni kima cha chini

Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka Sh120,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyeishi kwa mwajiri, na Sh60,000 kwa anayeishi humo. Walioajiriwa na wanadiplomasia, wafanyabiashara wakubwa na maofisa wenye stahili waliwekewa viwango vya juu zaidi. Amri mpya iliyoanza Januari 2026 imepandisha viwango, kwa hiyo kabla hamjakaa kupanga, pateni kiwango cha sasa Ofisi ya Kazi.

Hapa kuna mtego ambao wazazi wanaoshirikiana hawauoni. Nyumba mbili zikitoa Sh70,000 kila moja, jumla ni Sh140,000, na kwa viwango vile vya 2022 mko salama. Siku mmoja akiondoka na anayebaki akaendelea na Sh70,000 zake kwa dada wa kuja na kurudi, yuko chini ya kima cha chini bila kubadilisha chochote upande wake.

Chakula anachokula kwako na kitenge ulichomnunulia Krismasi havihesabiki kuwa mshahara.

Hatua ya tatu: kaeni watatu, mapema

Kosa la kawaida ni wazazi wawili kumaliza kila kitu wao kwa wao, halafu dada anaitwa kusikia hukumu. Sheria yenyewe inataka masharti ya kazi yakibadilika mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe maandishi na kumjulisha kwa maandishi. Tena dada ana taarifa ambazo ninyi hamna: anajua kama mama wa nyumba ya tatu amekuwa akimuulizia, na anajua kama angependa kutoka saa 10 aanze masomo ya cherehani.

Mazungumzo yaanze na anayebaki. Hivi, kwa mfano:

"Dada Leticia, kaa kwanza, waache watoto wacheze. Mama Grace amepata uhamisho, anaondoka mwisho wa Machi. Mshahara wako hatujaupanga bila wewe. Ukibaki na pacha peke yao, siku yako ungependa iweje?"

Jibu utakalopata mara nyingi ni, "Sawa tu mama, mtakavyoona ninyi." Hiyo ni adabu, usiichukue kuwa makubaliano. Binti aliyelelewa kumwamkia mkubwa kabla ya kusema neno hatakupinga usoni juu ya pesa, hasa mkiwa wawili na yeye mmoja. Mpe karatasi yenye hesabu ya mafungu matatu, mpe siku mbili au tatu, mwambie amwonyeshe binamu yake au mtu anayemwamini. Akirudi na swali hata moja, ujue sasa mnazungumza.

Hatua ya nne: anayejitoa amalize deni lake kabla ya kupakia vyombo

Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28. Ndani ya notisi hiyo Mama Grace anaendelea kutoa fungu lake lote, hata kama mtoto ameshatangulia Dodoma kwa bibi yake.

Kisha kuna likizo. Mfanyakazi ana haki ya siku 28 za likizo kwa mwaka, na ambazo hajazichukua hulipwa kwa hesabu ya siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Tuseme Leticia alirudi likizo mwanzoni mwa Januari. Hadi mwisho wa Machi ni wiki 13, siku 65 za kazi, basi amejikusanyia siku 5. Siku yake moja ni msingi wa mwezi ukigawanywa kwa 4.333, kisha kwa siku 5: kama Sh8,308. Siku 5 ni Sh41,540, na nusu ya Mama Grace ni Sh20,770.

Halafu kiinua mgongo. Mwajiri anayesitisha ajira ya mtu aliyetimiza miezi 12 au zaidi humlipa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Leticia ana miaka miwili kamili: siku 14, yaani Sh116,312, na nusu yake ni Sh58,156. Unaweza kusikia hoja kwamba ajira haijakatika kwa kuwa Mama Kulwa yupo. Lakini kwa Mama Grace imekatika. Akimwachia mwenzake deni hilo, Mama Kulwa atakuja kulipia miaka ambayo walikuwa wawili. Jumlisha na mshahara wa mwezi wa notisi, Sh110,000, Mama Grace anamlipa Leticia karibu Sh189,000. Alipe akiwa bado Mwanza. Mdaiwa aliyeko Dodoma ana njia nyingi za kutopokea simu.

Kama kazi inakwisha kabisa, na Mama Kulwa naye haendelei, hesabu inaongezeka kitu: mfanyakazi hurudishwa mahali alikoajiriwa. Kama Leticia aliajiriwa akiwa Nansio, waajiri wanalipia nauli ya meli na mizigo yake hadi Nansio.

Ampe pia hati ya utumishi: jina, kazi aliyofanya, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ni nusu ukurasa, na dada atakapoomba kazi Capri Point au Isamilo ndiyo itakayomfungulia geti.

Hatua ya tano: ukishindwa kubeba msingi, punguza saa, usiguse bei ya saa

Mama Kulwa akisema Sh210,000 hazipatikani, hajakosea. Wauguzi wengi wangesema hivyo. Njia zipo. Ya kwanza ni kuondoa saa ya ziada: Leticia atoke saa 10, jirani au dada wa mume akae na pacha ile saa moja, na mshahara unakuwa Sh180,000. Ya pili ni kupunguza siku. Siku nne badala ya tano ni Sh144,000 za msingi na Sh24,000 za saa za ziada, jumla Sh168,000. Siku ya tano inakuwa ya Leticia kweli, aiuze anakotaka. Usimwambie siku hiyo "ukae karibu na simu". Ukitaka awe karibu na simu, mlipe.

Njia ya tatu, ambayo naiona nzuri kuliko zote, ni kutafuta familia mpya kwa muda mliokubaliana, tuseme mwezi mmoja au miwili. Katika muda huo anayebaki analipa msingi wote.

Kitu kisichofaa ni kubaki na saa 10 na siku 5 huku ukimpoza dada kwa kumwongezea kazi. Mpango wa "utakuwa unafua na nguo za baba ili tufidie" haufidii chochote. Unashusha mshahara na kupandisha kazi kwa pamoja.

Na kama zamu zako ni za usiku na unataka dada alale na watoto, kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza isiyopungua asilimia 5 kwa kila saa. Hilo nalo liandikwe.

Watoto wakianza awali

Hili ndilo badiliko linalokuja kila Januari, na ndilo linalopangwa vibaya kuliko yote. Mtoto anaondoka asubuhi, anarudi mchana, na mzazi anaona asubuhi nzima dada "hana kazi". Muulize swali moja: katika saa hizo, dada anaweza kuondoka? Kama anabaki nyumbani kupokea simu ya mwalimu, kupika na kungoja basi la shule, saa hizo ni za kazi na msingi haupungui. Mnaweza kubadilisha majukumu kwa kukubaliana, usafi na kufua viingie asubuhi, kwa mshahara uleule.

Kama kweli unataka aje saa 5 tu, msingi unaweza kushuka kwa hesabu ya saa. Ila kumbuka nauli ya Nyasaka haishuki kwa sababu kachelewa kuja, na mtu aliyeuza mchana wake wote hawezi kupata kazi nyingine ya asubuhi yenye saa tatu tu. Kwa hiyo usimkate zaidi ya saa zilizoondoka, na nauli iache ilivyo. Vilevile andikeni viwango viwili tangu mwanzo, cha shule zikiwa wazi na cha likizo za Juni na Desemba, maana watoto watarudi kushinda nyumbani na dada atarudi kwenye siku kamili.

Familia mpya ikiingia

Dada awe na sauti katika kuichagua, yeye ndiye atakayebeba huyo mtoto wa tatu mgongoni. Familia mpya ikute msingi na masharti yaliyopo. Isianze kupatana upya. Kinachozungumzwa ni nyongeza tu: mtoto mchanga anayeamka kila baada ya saa mbili hawezi kuleta nyongeza sawa na wa miaka minne anayejilisha. Kwa utaratibu huohuo, mzazi mliyeanza naye akijifungua, nyongeza inapanda siku dada anapoanza kumhudumia mtoto huyo. Isingoje mwaka uishe.

Kuna hali moja ya kwetu hapa ziwani inayohitaji mpango wake. Mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, ana pesa siku za giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawavuliki kwa taa na mfuko unakauka. Si mtu mbaya wa kushirikiana naye, ila tarehe ya mshahara ikiangukia kwenye mbalamwezi, ahadi zitaanza. Kubalianeni atoe fungu lake kwa wiki, au alitangulize siku za giza likae kwa mwenzake.

Andikeni, hata kama ni ukurasa wa daftari

Maneno yanaweza kuwa haya:

"Sisi watatu, ............, ............ na dada ............, tumekubaliana leo tarehe ............ Msingi ni Sh............ kwa kazi ya saa ...... hadi saa ......, siku ...... kwa wiki. Saa ya ziada ni Sh............ Nyongeza ya kushirikiana ni Sh............ Mshahara unalipwa tarehe ...... Familia moja ikisafiri, fungu lake linaendelea. Anayetaka kujitoa atatoa notisi ya siku 28 kwa maandishi na kulipa fungu lake lote, pamoja na sehemu yake ya likizo na kiinua mgongo. Mmoja akijitoa, anayebaki anabeba msingi wote na saa za ziada, nyongeza inasimama."

Sentensi ya safari msiifute. Familia ikienda Bukoba wiki tatu za Desemba, dada bado anakuja kwa ile nyingine, na nafasi ya mtoto aliyesafiri bado imeshikwa.

Wote watatu waweke saini, kila mmoja abaki na nakala. Mwajiri anatakiwa kuzitunza karatasi hizi miaka mitano baada ya ajira kwisha, na mgogoro ukifika mbele ya sheria bila maandishi, mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Mkilipa kwa simu, ongezeni makato ya kutolea, msiyaache yamlie dada mshahara wake, na ule ujumbe wa muamala msiufute.

Mkishindwana

Jaribuni kwanza mtu mnayemheshimu wote, awe mwenyekiti wa mtaa au mzee wa jumuiya. Mwanza kuna shirika la WoteSawa linalotetea wafanyakazi wa nyumbani, na chama chao cha wafanyakazi ni CHODAWU. Dada anaweza kuanzia huko apate mtu wa kumsaidia kupiga hesabu.

Likishindikana, mahali ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA, na ofisi yake ipo Mwanza. Muda ni mfupi: siku 30 kama dada anadai ameachishwa kazi isivyo haki, siku 60 kwa madai mengine kama mshahara uliopunguzwa. Anajaza fomu namba 1, anampa mwajiri nakala kwanza, kisha anaipeleka Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipokea. Kama waajiri ni wawili, aandike majina yote mawili, na la yule aliyehamia Dodoma lisiachwe.